Meza Iliyoingia Ndani ya Picha

Meza ninayotaka kuihakiki ina urefu wa futi 4, upana wa futi 2 na kimo cha sentimita 52. Imetengenezwa Nkuhungu, Dodoma, uani kwa jirani yangu. Aliyeitengeneza ni jirani mwenyewe, na kazi yake ya kila siku haihusiani kabisa na useremala. Alikuwa na binti wa miaka 5 anayependa kuchora, akaamua kumtengenezea pa kuchorea. Miguu ni ya msonobari wa mbili kwa mbili. Juu kuna mbao zilizofunikwa kwa hadibodi. Ncha moja ya meza ina matundu manne ya kuingizia makopo. Haina benchi, haina droo, haina vanishi.

Anayeipita barazani ataiona ni meza ndogo tu. Naomba tuisome, tena kwa utulivu uleule tunaoupa utenzi au hadithi fupi, kwa sababu kila kipimo chake ni uamuzi wa mtu, na uamuzi huo umeacha alama kwenye picha zinazochorwa juu yake. Shuleni tulifundishwa fani na maudhui kama vitu viwili, kisha tukaambiwa haviachani, na wengi wetu tukaandika hivyo kwenye mtihani bila kuwahi kuliona jambo lenyewe. Kwenye meza hii linaonekana kwa macho.

Nianze na kisichokuwepo, yaani benchi. Watanzania wengi wakitajiwa meza ya mtoto hukumbuka dawati la shule ya msingi: fremu ya chuma, ubao wa kuandikia, benchi lililoungwa kwenye fremu hiyohiyo, na watoto wawili au watatu waliokaa bega kwa bega wakimtazama mwalimu. Dawati hilo lina heshima yake. Mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza na madarasa yakafurika, nchi nzima ilichangishwa madawati, na watoto waliokuwa wakikaa sakafuni wakapata pa kukalia. Hilo lilikuwa jambo jema, na mahali ambapo madawati bado hayatoshi lingali jema. Lakini umbo la dawati lina kauli yake. Linamwonyesha mtoto mbele ni wapi, linampangia umbali wa kifua chake kutoka kwenye ubao, linamkalisha pale alipo. Kiungo kinachoruhusiwa kusafiri ni mkono, na safari yake ni ya kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari. Ni umbo la kuandikia, na kwa kuandika linafaa sana.

Kwa kuchora halifai, na hili lilishasemwa zamani. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia, alipofungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mwezi Januari 1907, aliyakataa madawati yaliyofungwa na akatengenezesha meza na viti vyepesi ambavyo mtoto angeweza kuvisogeza mwenyewe. Jirani yangu hajamsoma Montessori. Alichofanya ni kumwangalia binti yake akichora mchangani kwa kijiti. Anarudi kinyumenyume huku anavuta mstari, anachuchumaa, anazunguka upande wa pili, anasimama kutazama, anaruka juu ya alichokichora ili asikifute. Mchoro mzima unafanywa na miguu sawasawa na mkono. Baba aliyeyaona hayo, akakaa kupanga meza, hawezi kuweka benchi.

Kimo cha sentimita 52 kinatokana na uangalizi huohuo. Mtoto akikaa kwenye kigoda cha sentimita 30 hivi, viwiko vyake vinakaribia kulingana na uso wa meza. Akisimama, uso huo unamfika nyongani, kwa hiyo anaweza kuinama na kuufikia upande wa pili, ambao ni futi 2 tu kutoka alipo. Kimo hiki kinamruhusu kukaa, ila kinamwalika zaidi kusimama. Wanaoagiza meza za watoto kwa mafundi wetu huwa wanataja urefu na upana, kimo wanamwachia fundi, naye anatoa kimo alichokizoea, cha meza ya chakula iliyopunguzwa kidogo. Matokeo yake mtoto anachora mabega yakiwa yamepanda hadi masikioni.

Kwenye miguu sitakaa sana. Ipo minne, na imetanuka kidogo kwenda nje, kwa sababu meza hii haiishi mahali pamoja: asubuhi iko barazani, mchana iko chini ya mwarobaini, na uwanja wa Dodoma ni mchanga na mabonde madogo madogo. Wazee wa uwanda huu waliopenda vigoda vya miguu mitatu walijua walichokifanya, maana miguu mitatu haiyumbi popote uiwekapo. Lakini meza ya mstatili yenye miguu mitatu ingepinduka mtoto anapoegemea pembe. Kwa hiyo jirani alichukua minne, akaitanua, akakubali kwamba itayumba kidogo. Misumari ya kuungia inaonekana wazi, vichwa nje. Enzo Mari, msanifu wa Italia, mwaka 1974 alitoa michoro ya meza, viti na vitanda vya mbao na misumari ili mtu yeyote ajitengenezee, akiamini kwamba mtu anayejitengenezea kitu kwa mkono wake anajifunza kukipima kitu hicho kwa jicho kali zaidi. Nimeliona hilo Nkuhungu. Jirani yangu siku hizi akiingia duka la samani huinama kwanza chini ya meza.

Juu ya meza ndipo penye mambo.

Msonobari unaouzwa Dodoma mwingi unatoka Nyanda za Juu Kusini, kwenye misitu ya kupandwa kama ule wa Sao Hill, Mufindi, ambako hewa ni ya baridi na unyevu. Mara nyingi unafika sokoni haujakauka vizuri. Dodoma ni uwanda mkavu ulioinuka zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, wenye msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili hivi. Baada ya hapo ni miezi ya jua na upepo bila tone. Ubao uliopigwa misumari ukiwa mbichi unasinyaa, na baina ya ubao na ubao panafunguka mwanya. Kwa meza ya chakula mwanya huo ni aibu ndogo ya kuficha kwa kitambaa. Kwa meza ya kuchorea ni kasoro kubwa: kalamu ikipita juu yake karatasi inatoboka, na mtoto anajifunza kuukwepa mwanya, yaani anaanza kuchora kwa woga. Hadibodi iliwekwa kuzuia hilo. Imegeuzwa upande laini juu, imepigiliwa misumari midogo pembezoni.

Hapa nina la kusema kuhusu vipimo. Karatasi kubwa ya hadibodi kiwandani huwa futi 4 kwa 8. Ukiikata kwa ukubwa wa meza hii unapata meza nne na hakibaki kipande cha kutupa. Ukiikata kwa miraba ya futi 2 unapata minane, na mraba wa futi 2, sentimita 60 hivi kila upande, ndio ukubwa ambao macho ya Watanzania yameuzoea ukutani bila kujua ulikotoka. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakuwa na turubai. Alichora kwenye hadibodi ya ujenzi, kwa rangi za mafuta za dukani za kupakia vitu kama baiskeli, na hata baada ya kifo chake mwaka 1972 mraba ule ulibaki kuwa umbo la wafuasi wake. Duma na ndege wa Tingatinga wanaujaza mraba mpaka pembeni, mkia umekunjwa ili uenee, shingo imepindishwa ifuate ukingo. Kuna wanaouita huo mtindo wa mchoraji. Ni mtindo kweli, lakini kipande cha ubao wa dari kimeshiriki kuutunga. Meza ya Nkuhungu ni miraba miwili ya Tingatinga iliyowekwa kando kwa kando, na karatasi ya manila inalala juu yake nzima, ikiacha nafasi ya makopo.

Upepo nao ulitaka jibu. Kuanzia Juni barazani kwetu karatasi haikai. Jibu la haraka, ambalo nimeliona kwenye meza nyingine za watoto, ni kupigilia vipande vya mbao kuzunguka meza ili kuwe na ukuta mdogo pembeni. Ukuta huo unazuia penseli kudondoka, ni kweli, lakini upepo unapita juu yake na kuinyanyua karatasi vilevile, na kifundo cha mkono kinakwaruzwa kila mtoto anapovuta mstari kuelekea nje. Jirani alikata mipira miwili ya tyubu ya baiskeli, ileile tunayofungia mizigo kwenye keria, akaivutia kukatiza meza, mmoja kila mwisho wa karatasi. Mipira inasogezwa kufuata karatasi ilivyo. Ukingo wa meza ukabaki wazi, umepigwa msasa hadi ukawa mviringo.

Ukingo huo wazi ndio mstari bora wa kazi hii yote. Mkono wa mtoto hausimami mwisho wa karatasi. Ukianza kuchora mnyoosho wa barabara unaendelea nao, unatoka nje ya karatasi, unaishia kwenye hadibodi. Karatasi ikiondolewa, juu ya meza panabaki mstatili mtupu uliozungukwa na miishio ya mistari: ncha za barabara, mikia ya ng'ombe, miale, nusu ya gurudumu. Kesho yake karatasi nyingine inawekwa mahali tofauti kidogo na miishio mipya inaangukia juu ya ile ya jana. Sasa hivi meza ina tabaka juu ya tabaka, nyekundu chini ya bluu, bluu chini ya nyeusi, na katikati pako safi. Nimeitazama meza hiyo kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama picha nyingi zilizotundikwa ukutani.

Mtu wa uwanda wa kati hawezi kutazama tabaka hizo bila kukumbuka Kolo. Kaskazini ya mji wa Kondoa, kwenye barabara ya Dodoma kwenda Arusha, yapo mapango na miamba iliyochorwa ambayo UNESCO iliiandika kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuna pofu, twiga, tembo, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya mitindo ya ajabu, kwa rangi nyekundu iliyotokana na udongo wenye chuma. Juu yake, mahali pengine, kuna michoro ya baadaye, minene, ya rangi nyeupe. Wachoraji hawakutafuta mahali pasafi. Walichora juu ya waliotangulia, wanyama wa vimo tofauti, hakuna mstari wa ardhi wa kuwasimamisha, hakuna fremu. Mwanaakiolojia Mary Leakey alipokuja mwaka 1951 kuinakili kwa kuweka karatasi angavu juu ya mwamba, kazi ambayo baadaye aliitoa kitabuni mwaka 1983, kila nakala ilibidi iwe na mwisho: kushoto, kulia, juu, chini. Tunaoijua Kolo kwa vitabu tumeijua ikiwa imeshakatwa kwa mstatili. Anayekwenda Mungomi wa Kolo mwenyewe, mahali ambapo wenyeji hadi leo hufanya matambiko, anakuta mwamba unaoendelea, na macho yake ndiyo yanayolazimika kuamua picha inaanzia wapi.

Silinganishi umahiri wa mtoto wa miaka 5 na ule wa watu wa Kolo. Nalinganisha uso wanaouchorea. Mwamba haumwambii mchoraji akome wapi. Karatasi inamwambia. Meza nzuri ya mtoto inakaa katikati ya hivyo viwili: ina karatasi ndani yake na inamwachia mkono nafasi ya kuipita. Meza yenye ukuta pembeni imeipa karatasi sauti yote.

Sasa tuingie kwenye picha moja, ambayo nimepewa ruhusa ya kuieleza. Ni ya mnada wa mifugo wa Msalato, hapa Dodoma. Imechorwa kwa krayoni kwenye manila nyeupe, karatasi ikiwa imelala kufuata urefu wa meza, mwisho wake mmoja ukigusana na yale matundu ya makopo. Katikati kuna duara jeusi lenye moshi unaopanda kwa mizunguko: hilo ni jiko la nyama choma. Kulizunguka kuna watu, vichwa vikubwa, mikono iliyotoka moja kwa moja kwenye vichwa. Nje yao kuna ng'ombe. Ng'ombe wa upande wa chini wa karatasi wamesimama vizuri kwa macho yetu. Wa upande wa kushoto wamelala kwa ubavu, miguu ikielekea ukingo. Wa upande wa kulia nao hivyohivyo, miguu imeelekea ukingo wao. Ukiizungusha karatasi, kila kundi linasimama zamu yake.

Mwalimu mwenye haraka atasema mtoto amekosea. Hajakosea. Georges-Henri Luquet, Mfaransa aliyeandika juu ya michoro ya watoto mwaka 1927, alieleza namna hii ya kuvilaza vitu pembeni pande zote, nyumba za pande mbili za barabara zikiangukia nje. Mtoto anachora akijuacho kuhusu mahali, na anachokijua binti huyu ni kwamba ukiwa mnadani mifugo inakuzunguka. Mtazamo wa picha umewekwa katikati, jikoni, kwenye moshi. Kila ng'ombe anatazamwa kutoka hapo ndani. Huwezi kuupata mtazamo huo ukiwa umekaa kwenye benchi upande mmoja. Unaupata ukiizunguka meza, ukisimama kwa kila kundi mahali pake na kulichora miguu yake ikiwa karibu na tumbo lako. Ng'ombe wa kushoto wamesimama kwa sababu mtoto alisimama kushoto.

Lakini pande ni tatu. Upande wa nne, ule wa makopo, hauna ng'ombe. Una jua. Nilidhani mwanzoni ni jua la kawaida la watoto, lile linalowekwa juu kwa mazoea. Ukilisogelea unaona kwamba lina nusu mbili ambazo hazikutani sawasawa. Nusu ya kushoto imevutwa kwa mkono uliotokea kushoto, nusu ya kulia kwa mkono uliotokea kulia, na katikati, pale mikono hiyo ilipokutana, mistari inatetemeka na duara linabaki na pengo. Kwenye mwisho ule wa meza mtoto hawezi kusimama akachora, makopo yamemzuia. Kwa hiyo alilifikia jua kutoka pande mbili. Sehemu ya picha ambayo hakuweza kusimama mbele yake ndiyo iliyopewa kitu kilicho mbali kuliko vyote alivyovichora. Baba alipotoboa matundu yale alikuwa anatafuta mahali ambapo maji hayatamwagika. Bila kukusudia alichagua mbingu ziwe upande gani.

Je, hilo ni kosa la fani? Nimelifikiria sana. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeasisi shule za chekechea karne ya 19, alikuwa na meza zilizochorwa miraba juu yake, mtoto apange vijiti na vipande vya mbao kwa kufuata mistari. Frank Lloyd Wright, msanifu majengo wa Marekani, alikuwa akisimulia hadi uzeeni jinsi miraba ile ilivyobaki vidoleni mwake, na ukitazama ramani za nyumba zake unamwamini. Meza ya Froebel inaamua kila mahali, mraba kwa mraba. Ya Nkuhungu inaamua mahali pamoja tu, pale penye makopo, na kwingine kote inanyamaza. Hata mwamba wa Kolo uliamua mambo: mchoraji alichora palipokuwa na kivuli, na palipofikiwa na mkono. Uso usioamua chochote haupo. Swali la mhakiki ni kama uamuzi wenyewe unampa mchoraji kitu cha kushindana nacho, au unamfungia mlango. Jua lile lenye pengo ni jibu tosha kwangu. Matundu yabaki.

Kasoro ya kweli iko kwingine. Hadibodi na maji haviivani. Tingatinga alitumia rangi za mafuta, ubao ukamvumilia. Binti huyu amehamia rangi za maji, na kuzunguka matundu hadibodi imeanza kuvimba na kuchanua nyuzi. Uso ukivimba pale, karatasi hailali, na rangi inakimbilia bondeni. Jirani alitaka kupaka vanishi meza yote. Nimemsihi asifanye hivyo: vanishi inateleza, karatasi haitatulia hata kwa mipira, na ile miishio ya mistari itafungiwa chini ya kioo, mipya haitashika. Apake rangi ya mafuta kwenye mwisho wa makopo peke yake, midomo ya matundu na upande wa chini, mikono miwili, na kwingine aache hadibodi tupu ilivyo.

Nawe msomaji, ukienda kwa fundi wa Majengo au Chang'ombe, hapa Dodoma, kumwagizia mwanao meza, au ukiamua kuipiga randa mwenyewe, mpime mtoto kwanza, akikaa na akisimama, umpe fundi kimo kwa sentimita. Mwambie mbao zikae kivulini wiki kadhaa kabla ya kupigwa misumari. Mwambie ukingo uwe mviringo na usiwe na ukuta. Benchi mkatalie kabisa asiliunge, hata kama atakuambia linapendeza. Na meza ikifika nyumbani usiisukumie ukutani. Iweke mahali ambapo mtoto anaweza kuizunguka.